Chanjo ya Doria

Takaungu,
2 Septemba 2024

Kwa Mjomba Farjallah,

Shikamoo. Amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako, juu ya mama mkubwa Bi Hindu, na juu ya kila anayeingia na kutoka nyumbani kwenu hapo Shela. Sisi huku ni wazima. Ndugu yangu Ayman amepona jipu la mguu, anachechemea tu pale anapotaka kuonewa huruma na mkewe. Hafswa anakusalimu. Mtoto wao Shaima ametimiza miaka minne na amejifunza kupiga mbinja, kwa hiyo nyumba haina amani tena. Mimi nashona. Watu huleta vitambaa, huchukua nguo, huenda zao.

Nimekupigia simu mara mbili, na mara zote mbili Bi Hindu amelazimika kukukariria maneno yangu kwa sauti ya kuita mtu wa mtaa wa pili. Nimeona bora niandike. Joram, anayeleta nazi zetu Malindi kwa pikapu, amekubali kubeba barua na kunirudishia majibu.

Jambo lenyewe ni hili. Ayman ameibiwa mbuzi wawili, naye amekwenda kwa rafiki yake Sanga akaleta kijibwa cha kulinda zizi. Ni dume, tumbo kama kibuyu, hajafika miezi mitatu. Analala nje kwenye banda, lakini Shaima hambanduki. Mimi nimesema apelekwe Kilifi kwa daktari wa mifugo akachanjwe. Ayman ananicheka. Anasema yeye mwenyewe hakuonana na daktari mguu ulipovimba kama boga, iweje mbwa apandishwe gari. Anasema dawa inauzwa agroveti, duka la dawa za mifugo, sindano inauzwa hapohapo, na Mjomba alimchanja mbwa wake Doria nyumbani, shambani Ganda, kwa mkono wake. Alilofanya Mwalimu Farjallah, anasema, linatutosha.

Basi naomba uniandikie ulivyofanya. Dawa uliinunua wapi, uliihifadhi wapi, ulimdunga vipi. Na jambo la pili, kama hutachoka: Doria alikufa lini? Kuna aliyeniambia kapotea, kuna aliyeniambia kaumwa na nyoka. Wakati ule sikuwa na akili ya kuuliza.

Mpwa wako,
Zeina


Shela, Malindi,
6 Oktoba 2024

Binti yangu Zeina,

Marahaba, na amani uliyoniletea ikurudie maradufu. Barua yako ilinifikia siku ileile. Uchelewaji ni wangu, si wa Joram. Yeye amepita hapa kila juma kuuliza kama nimemaliza, mpaka Bi Hindu akamwambia awe na subira, kaka yake anaandika kitabu cha sheria.

Habari zangu si nzuri na sitazipamba. Moyo umechoka. Miguu imejaa maji, na usiku nalala nimeketi kama abiria. Daktari wangu ni kijana mwenye adabu. Niliposisitiza aniambie kweli alinishauri nisianze shughuli ya muda mrefu. Minazi ya Ganda imezaa. Kahonzi, mlinzi wetu wa shamba, bado yupo na bado hajapatana na ngedere. Bi Hindu anakusalimu, anauliza kama unakula.

Kuhusu kijibwa, mpelekeni kwa daktari, wala usikubali mjadala. Chanjo ya kichaa cha mbwa huishi kwenye baridi. Ikipata joto huharibika, na ikiharibika haibadiliki rangi wala harufu, hata anayeidunga hajui kama anadunga dawa au maji. Daktari anayo friji isiyofunguliwa kila mtu anapopata kiu. Pili, atamtazama mnyama kwanza, kama ana homa, kama ana minyoo, kama umri umefika. Tatu, mkono usiozoea hupitisha sindano upande huu ikatokea upande wa pili, dawa ikaishia kwenye manyoya na mwenye mkono akaridhika. Nne, kijibwa kikidungwa kikavimba uso ghafla, daktari ana dawa ya kukiokoa papo hapo. Ayman ana tasbihi tu.

Haya ndiyo ningemwambia mwanafunzi yeyote. Mwambie Ayman nimesema mimi.

Nimechoka. Mengine nitaandika nikipata nafuu.

Mjomba wako,
Farjallah


Takaungu,
14 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa maradhi. Tumekuombea dua hapa, Hafswa amepika mkate wa mofa na Joram atakuletea, ikiwa hatautafuna njiani. Mwambie Bi Hindu ninakula.

Barua yako nilimsomea Ayman baada ya alasiri. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema: "Mjomba kazeeka, ndiyo maana kaogopa. Alipokuwa na nguvu hakumtafuta daktari." Dawa ameshainunua. Imo kwenye friji ya jirani, na umeme wa huku unaujua: jana ulikatika asubuhi, ukarudi tumekwisha swali isha. Anasubiri tu Sanga apate nafasi aje amshike mbwa.

Mjomba, mimi niliuliza ulivyofanya wewe. Umenijibu wanavyopaswa kufanya watu. Nikampa Ayman mawaidha manne, naye ana mfano mmoja unaoyashinda yote, na mfano huo ni wewe.

Sikutaka kuyaandika haya, lakini naona nisipoyaandika hutaelewa ninakaa vipi. Hafswa ni mwema kwangu. Hunipa chakula kabla ya mumewe. Lakini akienda sokoni humbeba Shaima hata kama mtoto amelala fofofo. Hajawahi kuniachia, hata kwa muda wa kuchota maji. Simlaumu. Mwanamke aliyempoteza mwanawe kwa uzembe haachiwi mtoto wa mwenzake. Ndilo jina nililotoka nalo kwa Mahdi, pamoja na talaka na sanduku moja la nguo.

Sasa katika nyumba hii kuna mtoto, kuna mbwa, na kuna mtu mmoja tu anayeogopa, na huyo ndiye asiyesikilizwa. Niandikie jambo ambalo Ayman hawezi kulicheka.

Na lile swali langu la pili hukuligusa.

Zeina


Shela, Malindi,
17 Oktoba 2024

Zeina, mwanangu,

Nimesoma, na leo sitaanza na habari za miguu. Joram nimemweka barazani na kahawa, haondoki bila barua hii. Mpe Ayman aisome kwa macho yake.

Ayman, dawa uliyonayo itupe. Doria hakuchanjwa. Nilimdunga sindano, lakini sikumchanja, na nitaeleza tofauti yake.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka jana. Nilikwenda kwanza kwa daktari wa mifugo hapa mjini, akaniambia nimlete kijibwa. Nikamwambia nitamleta. Nikatoka nje nikaifikiria safari hiyo: kutoka Ganda kwa tuk-tuk, mimi na kanzu yangu, nimepakata mbwa aliyeloa mate, kisha kushuka na kupita mbele ya baraza la msikiti mchana wa saumu, na wale wanaokaa pale nimewafundisha wote, wao na watoto wao. Niliwasikia kabla hawajasema. "Mwalimu, leo futari ni hiyo?" Mbwa wa shamba si haramu, hilo nalijua na nimewahi kuwaeleza watu. Lakini kueleza ni jambo moja na kupakata ni jingine. Nikaona haya. Nikaenda agroveti, nikanunua kichupa, nikajiambia kwamba mtu aliyefundisha sayansi ya viumbe maisha yake yote hashindwi na sindano moja.

Muuzaji alinifungia na barafu, akanisisitiza nimdunge siku hiyohiyo. Nilipompigia Kahonzi, alikuwa Kaloleni kwenye matanga. Basi nikaja na kichupa nyumbani, nikafungua friji. Bi Hindu akanikuta. Friji ilikuwa imejaa sambusa na maini ya futari ya msikitini, zamu ilikuwa yetu. Akauliza ni nini, nikamwambia. Akafunga mlango wa friji akausimamia kwa mgongo. "Farjallah, dawa ya mbwa na futari ya Waislamu hazilali nyumba moja. Wewe chagua ipi ilale nje." Nilimwambia kichupa kimefungwa, hakina najisi. Akaniambia elimu yangu nikailaze na kichupa changu.

Nilikasirika, na hasira ikanipa ujanja. Chumbani mwangu kuna mtungi uliokaa kwenye mchanga, na mchanga ule tunaumwagia maji asubuhi na jioni. Wangapi nimewafundisha kwa mtungi ule! Maji yanayovukizwa huchukua joto, kilichobaki hupoa. Nikakifukia kichupa kwenye mchanga. Nilijua baridi ya mtungi si baridi ya friji. Karatasi ya dawa niliisoma. Lakini nilikuwa nimeshamshinda Bi Hindu kwa hoja, na mtu aliyeshinda hoja haendi kujishinda mwenyewe.

Kilikaa mchangani mpaka Idi ilipopita. Nilipokifukua kilikuwa vuguvugu kama maji ya kikombe kilichosahauliwa. Ningeweza kukitupa na kununua kingine. Ningerudi agroveti nikaulizwa kwa nini, nikasema mimi nani, nimezuiwa friji na dada yangu? Nikaenda Ganda. Kahonzi alimshika, nikamdunga. Alipiga ukelele mmoja akarudi kulamba mikono yetu. Tangu siku hiyo kila aliyeuliza nilimwambia, mbwa huyu nimemchanja kwa mkono wangu.

Nilikwambia na wewe, Zeina. Desemba ile, mwanao Ishaq alipokuja na mkono una alama mbili za meno.

Naomba radhi yako. Najua ninaomba nini.

Farjallah


Takaungu,
3 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Tuko wazima.

Ayman aliisoma barua yako amesimama, akaisoma tena amekaa. Alikwenda kwa jirani akachukua kichupa, akakifukia mbali na kisima. Kesho yake tulimpeleka mbwa Kilifi ndani ya kapu la makuti, tumemfunika leso kuukuu ya Hafswa, na abiria wote walidhani ni kuku mpaka alipokohoa. Daktari ni mwanamke, anaitwa Idah. Alimpima joto, akamminya tumbo, akakataa kumdunga. Alisema ana homa na minyoo tele, chanjo kwa mnyama mgonjwa haishiki vizuri. Akatupa dawa, akatwambia tumrudishe akipona. Tumemrudisha juma hili, amechanjwa, na atarudi tena mwakani kama alivyoagiza. Ayman sasa ndiye anayewahubiria wengine. Jana nilimsikia akimsimanga Sanga kwamba anafuga mbwa kienyeji.

Hilo limekwisha, nakushukuru kwa hilo.

Sasa nikuandikie la kwangu. Siku ile Ishaq alipoumwa nilimwosha mkono kwa sabuni, nikajifunga buibui, nikamwambia Kahonzi atuitie bodaboda twende hospitali. Wewe ulikuwa umekaa chini ya kivuli cha ghala unasoma gazeti. Uliniuliza naenda wapi. Nikakwambia. Ukasema: "Vua buibui, Zeina. Mbwa amechanjwa. Usimtie mtoto hofu kwa mkwaruzo." Mahdi alikuwa Lamu kwa biashara zake. Mkubwa wangu pale alikuwa wewe. Nikavua.

Februari, mtoto alipoanza kuyakimbia maji, madaktari waliniuliza swali moja tu, kwa nini sikumleta siku alipoumwa, nami nikawatajia jina lako. Na siku ya tatu ya matanga, wanaume wako barazani, sisi tuko ndani nyuma ya dirisha, nilimsikia Mahdi akikuuliza kama ni kweli ulinizuia. Kisha nikasikia ukisema: "Sikumzuia."

Wanawake wote wakageuka wakanitazama.

Sikuwahi kukutajia jambo hili. Nilidhani umesahau kwa uzee. Sasa naona mtu anayekumbuka sambusa zilizokuwa ndani ya friji hajasahau kitu.

Unaomba radhi ya kichupa. Radhi ya neno lile hukuomba. Na bado hujanijibu kuhusu Doria.

Zeina


Takaungu,
10 Desemba 2024

Mjomba,

Joram anasema amekuona, umekaa dirishani, kalamu ulikuwa nayo. Amerudi mikono mitupu mara ya nne.

Doria alikufa lini?

Zeina


Shela, Malindi,
12 Januari 2025

Zeina,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Bi Hindu amewashia jiko karatasi zangu. Nilipelekwa hospitali mwezi uliopita wakanitoa maji, nikarudishwa, yamerudi nayo. Mkono unatetemeka, utanisamehe mwandiko. Huo ndio msamaha mwepesi ninaouomba leo.

Doria alikufa juma lilelile alilomuuma Ishaq.

Nyinyi mlikuwa mmesharudi mjini. Kahonzi alikuja asubuhi, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa. Alisema mbwa ametokwa na povu, ameuma mti mpaka meno yamekatika, kisha miguu ya nyuma ikalegea, akafa. Akaniuliza: "Mwalimu, si ulimchanja?" Nikamwambia nilimchanja. Nikamuuliza kama hakuona alama ya nyoka. Akasema hakuona. Nikamwambia atakuwa nyoka, koboko wa huko hawaachi alama kubwa. Kisha akasema: "Basi ni nyoka, mwalimu," akaenda akamzika.

Wakati ule Ishaq alikuwa anacheza mpira hapo uwanjani karibu na nyumbani kwenu. Nilimwona kwa macho yangu jioni ile, nilikwenda makusudi kumwona. Mkono ulikuwa umefunga. Alinisalimia, akanionyesha kovu kwa fahari. Dawa ya kumwokoa ilikuwepo hospitali, na muda ulikuwepo. Ilinitosha kuja mlangoni kwako na kusema, Zeina, nimekosea, mpeleke mtoto leo.

Nilirudi nyumbani nikaswali. Nikamwomba Mungu awe ni nyoka. Nilifanya dua ya mtu mzima kwa jambo lililohitaji miguu tu. Kila siku iliyopita bila homa niliihesabu kuwa ushahidi wangu, na kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, kwa kuwa sasa ningeulizwa nilikuwa wapi jana. Ningesema nini kwa Mahdi? Kwa watu wa msikitini wanaoniuliza mpaka dawa za kikohozi? Neno langu lilikuwa kubwa mjini hapa, Zeina. Nililibembeleza lisivunjike, kama mtu anavyobeba yai, na mwanao akawa anakufa mbele yangu taratibu nami nikiangalia yai.

Nadhani hapo ndipo lile neno la barazani lilipotoka. Mtu aliyekwisha kunyamaza kiasi kile, uongo mmoja si kitu.

Na hata kama Doria angechanjwa sawasawa na daktari, mtoto aliyeumwa hupelekwa hospitali. Hilo pia nililijua siku niliyokwambia uvue buibui.

Umeuliza, nimejibu. Sasa nina ombi, nawe utalipima. Sina siku nyingi. Hifadhi barua hii. Nikishazikwa, mpelekee Mahdi, wasomee watu wote, jina lako lisafike. Niache tu nitoke duniani na heshima hii iliyobaki. Ni ya muda mfupi mno.

Farjallah


Takaungu,
16 Januari 2025

Mjomba,

Sikukusalimia kwa kuwa sijui nikusalimie vipi.

Barua yako nimeipokea barabarani, nikaisomea hapohapo juu ya nazi za Joram, naye akageuza uso akajifanya anakaza kamba.

Miezi miwili. Ishaq aliishi miezi miwili baada ya mbwa kufa. Alikwenda harusi ya Bi Lewa. Aling'oka jino.

Ombi lako nimelikataa. Ukifa nikawasomea, watasema mwanamke aliyeachwa anamsingizia maiti asiye na mdomo. Watasema mwandiko si wako, mkono ulitetemeka, mzee alikuwa amepoteza fahamu. Nawajua, na wewe unawajua. Kisha watakusomea hitima, na mimi nitatoka hapo nikiwa nimeongeza dhambi ya pili juu ya jina langu.

Ulilisema neno lile kwa mdomo, barazani, watu wakiwapo, ukiwa hai. Liondoe vivyo hivyo. Awepo Mahdi. Wawepo waliokuwapo. Wakuulize, nawe uwajibu mwenyewe.

Usipofanya hivyo usiniandikie tena.

Zeina


Shela, Malindi,
4 Februari 2025

Binti yangu,

Salamu zangu zipokee au uziache, mimi nazileta. Hii naandikiwa na Bi Hindu, mimi nasema yeye anaandika, kwa hiyo ujue kwamba naye sasa anajua yote. Nilipomweleza habari ya friji alilia, akataka kuchukua sehemu ya lawama. Nimemkatalia. Yeye alikataa kuweka dawa na futari. Hakunikataza kwenda kwa daktari.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, niliwaita. Walikuja wale wa siku ya matanga, wote isipokuwa wawili waliotangulia mbele ya haki. Mahdi alikuja wa mwisho akakaa karibu na mlango. Walidhani nataka kuusia. Khatibu alikwisha kuandaa kalamu.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini pumzi hazikunipa nafasi. Nikasema: "Mahdi, uliniuliza hapa kama nilimzuia Zeina kumpeleka mtoto hospitali. Nikasema sikumzuia. Nilimzuia." Kisha nikawaeleza kichupa, na kifo cha mbwa, na siku niliyokwenda uwanjani. Nikawaambia kwamba wewe ulikuwa umeshajifunga buibui.

Nitakueleza yaliyofuata kama yalivyokuwa. Kisha khatibu akaanza kulia. Akainuka akanibusu kichwa, akasema zama hizi mtu wa kukiri hivi hapatikani, na kwamba mimi nimewafundisha darasa la mwisho lililo bora kuliko yote. Wakanijia mmoja mmoja. Walinibusu mikono, Zeina. Nilitaka kuivuta na sikuwa na nguvu. Mzee mmoja alisema kila kitu ni kadari. Wakasoma Fatiha. Mahdi hakuja kunibusu. Alisema tu kutoka mlangoni, "Mwalimu, Mungu akusamehe," akatoka.

Nilingoja mtu aseme jina lako. Hakuna aliyelisema. Nikalisema mwenyewe, nikawaambia mwanamke huyu mmemla nyama kwa mwaka mzima, nendeni mkamtake radhi. Wakasema inshallah.

Nilidhani nitakuja kuaibishwa, nikaja kusifiwa. Lakini nisikufiche, tangu siku ile nimelala usingizi.

Nimefanya ulilotaka. Sasa nakuomba tena radhi yako, ya kichupa, ya kunyamaza, na ya lile neno. Joram amesema atangoja.

Mjomba wako,
Farjallah


Takaungu,
23 Februari 2025

Mjomba Farjallah,

Shikamoo.

Ayman na Hafswa wanakusalimu. Shaima hajambo. Mbwa amekua, sikio moja linasimama na jingine limelala, na wezi wa mbuzi hawajarudi. Joram ameniambia kwamba sasa huzungumzi sana, na kwamba Bi Hindu ndiye atakayekusomea. Basi Bi Hindu, soma polepole, asikose neno.

Umesema umelala usingizi. Nimefurahi. Mmoja wetu amelala.

Habari zilifika huku kabla ya barua yako. Zimefika hivi: Mwalimu Farjallah amekiri kosa lake mbele ya watu, mwanamume kwelikweli, hatutampata mwingine. Muuza samaki amenieleza kisa chote, nikamsikiliza mpaka mwisho, hakujua kwamba anamsimulia mama wa mtoto. Katika kisa chake mimi simo.

Waliosema inshallah hawajaja. Amekuja Mahdi peke yake, pamoja na mjomba wake. Walileta sukari na leso mbili. Mjomba wake alizungumza kwa ufasaha sana, kwamba Mwalimu amewafungua macho, kwamba yaliyopita ni ya Mungu, na kwamba Mahdi yuko tayari kunioa upya. Nilingoja Mahdi aseme neno lake. Alisema, "Tusahau, mama Ishaq, turudi nyumbani." Nikamuuliza tusahau nini, kwani mimi nilifanya nini. Akamtazama mjomba wake. Nikawapa chai, wakanywa, wakaondoka na leso zao. Ayman alikasirika, anasema nimekataa bahati. Labda.

Juzi Hafswa alikwenda Kilifi. Alipofika mlangoni alirudi, akamtoa Shaima mgongoni, akamweka kitandani kwangu akiwa amelala, akaenda zake. Sikushona siku ile. Nilikaa nikimtazama mtoto wa watu akipumua mpaka mamake aliporudi. Hilo umenipa wewe, nami sitalikana.

Sasa radhi. Nimeifikiria kwa siku nyingi, sikutaka nikudanganye katika hali hii uliyo nayo.

Lile neno la barazani nimekusamehe. Jina lilikuwa langu, radhi yake naweza kumpa nimtakaye. Talaka nimekusamehe. Buibui nililolivua nimekusamehe, kwa kuwa na mimi nilikuwa na miguu.

Ya Ishaq sinayo. Uhai ulikuwa wake, na miezi ile miwili ilikuwa yake, mama harithi haki kama hiyo akaigawa. Wewe utamwona kabla yangu. Muombe mwenyewe.

Mpwa wako,
Zeina